Kutoka Langalanga hadi Safari: Historia ya Mbio za Magari za Afrika Mashariki na Funzo Lake kwa Walimu wa Kiswahili

Utangulizi

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyoingia katika lugha nyingine za dunia, neno safari ni mojawapo ya yale yaliyofika mbali zaidi. Mfini hulitamka, Mjapani hulitamka, Mfaransa hulitamka, na wote hulielewa bila kutafsiriwa. Neno hili lilisambaa kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni uwindaji na baadaye utalii wa wanyamapori. Ya pili ni mbio za magari zilizoanza mwaka 1953 na ambazo kwa miaka mingi zilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Njia ya kwanza imejadiliwa sana na wanaisimu. Hii ya pili tumewaachia waandishi wa michezo.

Makala hii inakusudia kueleza kwa ufupi historia ya mbio hizo na kuonyesha uhusiano wake na historia ya Kiswahili nchini Uganda. Hoja yetu ni kwamba mbio za Safari zilikuwa za Afrika Mashariki kwa sababu ilikuwapo barabara ya pamoja na watu walioipita. Barabara hiyo ilipokatwa na siasa, jina la Afrika Mashariki liliondoka katika mbio, likabaki neno safari peke yake. Kiswahili chetu kilipatwa na jambo linalofanana na hilo, tena katika miaka ileile.

Msomaji aliyeko Ajia, Arua au Koboko anaweza kuuliza haya yanamhusu nini, ilhali njia za Safari upande wa Uganda zilielekea zaidi kusini na magharibi mwa nchi kuliko kuvuka Nile kuja kwetu. Tunamwomba avute subira, kwani sehemu ya kisa hiki inapita mlangoni pake.

Mbio za mjini na mbio za njiani

Kabla ya kuzama katika mada, inafaa tutofautishe aina mbili za mbio za magari. Kuna mbio za mzunguko, ambazo magari huzunguka njia moja fupi mara nyingi, na wa kwanza kumaliza idadi ya mizunguko iliyowekwa ndiye mshindi. Mizunguko hiyo huwa ama kwenye viwanja maalumu au katika mitaa ya mji. Mfano maarufu wa mbio za mitaani ni Monaco, ambako zilianza mwaka 1929 na zinaendelea hadi leo. Wakati wa mashindano mitaa ile hufungwa: mabasi husimama, maduka huwekewa vizuizi, na kwa siku chache njia ya kwenda sokoni hugeuka njia ya magari ya mbio.

Aina ya pili ni mbio za njiani, ambazo wengi huziita rali. Hapa gari haliendi kwa kuzunguka. Linatoka mji mmoja kwenda mji mwingine, likiwa na dereva na mwelekezi wake anayesoma ramani na kutunza saa. Kila kituo cha ukaguzi kina muda wake, na anayechelewa huandikiwa alama za adhabu. Mwenye adhabu chache kuliko wote ndiye mshindi.

Kiswahili kimezitofautisha aina hizi kwa namna ya kupendeza. Katika redio na magazeti ya Kiswahili, mbio za Formula One huitwa mbio za magari ya langalanga. Mwanafunzi akiuliza langalanga ni nini, tusimwambie kwamba ni sauti ya injini. Langalanga ni jina la mahali katika eneo la Nakuru, kwenye Bonde la Ufa nchini Kenya, ambako walowezi wenye magari walikuwa wakishindana kwa kuzunguka wakati wa ukoloni. Mahali pale palikoma zamani kuwa na mashindano ya kutajwa, lakini jina lake linatumika hata kwa mbio za Monaco na Singapore. Ni mfano mzuri wa jina la pekee kugeuka nomino ya kawaida. Tunaweza kuliweka karibu na boda boda, jina lililozaliwa na baiskeli zilizobeba watu katika mpaka wa Busia, ambalo leo hutaja pikipiki hata mahali ambapo hakuna mpaka wowote.

Hivyo langalanga likawa neno la mbio za mzunguko, na safari likawa neno la mbio za njiani. Maneno haya mawili yametoka katika kisa kimoja.

Chanzo cha Safari, 1953

Inasimuliwa kwamba Eric Cecil, mmoja wa wapenzi wa mbio za magari mjini Nairobi, alimtaka jamaa yake Neil Vincent aje kushindana Langalanga. Vincent alikataa. Alisema kwamba hakuna jambo linalochosha kama kuzunguka njia moja ileile, lakini yakiandaliwa mashindano ya kuingia garini, kukatiza nusu ya Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika ahesabiwe mshindi, yeye atakuwamo. Kutokana na mazungumzo hayo likazaliwa wazo la mbio za njiani.

Nafasi ya kulitekeleza ilipatikana kutokana na kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Elizabeth alikuwa Kenya Februari 1952 babake alipofariki, na sherehe za kumtawaza zilipangwa kufanyika London tarehe 2 Juni 1953. Waandaaji wakaamua kuadhimisha tukio hilo kwa mbio. Mbio za kwanza zilifanyika tangu tarehe 27 Mei hadi 1 Juni 1953, zikaitwa Coronation Safari, yaani Safari ya Kutawazwa. Njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Tuangalie jina hilo kwa makini. Nusu yake ya kwanza ilikuwa ya Kiingereza na ilimtukuza malkia. Nusu ya pili ilikuwa ya Kiswahili. Waandaaji walikuwa walowezi, na madereva wa mwanzo takriban wote walikuwa Wazungu. Hata hivyo, walipotafuta neno la kutaja mwendo mrefu wenye taabu katika nchi hizi, hawakulipata katika lugha yao. Walilichukua lile lililotumiwa na wapagazi wa karne ya 19, lenye asili ya Kiarabu, ambalo Waswahili walilitumia kwa kila mwendo wa kutoka kwao kwenda kwingine. Mwaka 1960 nusu ya kwanza ilitupwa, na mashindano yakaitwa East African Safari. Malkia aliondoka katika jina, Afrika Mashariki ikaingia, na safari ikabaki mahali pake.

Kanuni za mwanzo nazo zina maana katika maelezo yetu. Magari yaliyoshindana yalikuwa ya kawaida, ya aina zinazouzwa dukani, na yaligawanywa kwa makundi kulingana na bei zake. Barabara hazikufungwa. Gari la mbio lilipishana na basi, lori, mwendesha baiskeli na ng'ombe. Kwa hiyo, tofauti na Monaco, hapa hakukuwa na mji uliogeuzwa uwanja. Barabara ya kila mtu ndiyo iliyokuwa uwanja, na mitaa ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ilikuwa vituo vya njia moja ndefu.

Matope, vumbi na madereva wa hapa

Kwa miaka mingi mbio hizi zilifanyika wakati wa Pasaka, yaani majira ambayo mvua za masika huwa zimeanza au zinakaribia. Urefu wake katika enzi za kilele ulifikia yapata kilomita 5,000, na zilikimbiwa mchana na usiku. Dereva aliweza kukutana na vumbi la Tanganyika asubuhi na tope jekundu jioni. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7 tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika 7 vilevile. Idadi hizo ndizo zilizoipa Safari sifa ya kuwa mbio ngumu kuliko zote duniani.

Ugumu huo ulileta matokeo ambayo waandaaji pengine hawakuyatarajia. Ujuzi wa barabara ulikuwa na thamani kuliko fedha. Makampuni makubwa ya magari ya Ulaya yalituma madereva wao hodari, nao walirudi kwao mwaka baada ya mwaka bila ushindi. Washindi walikuwa wakazi wa hapa: watu waliojua daraja lipi husombwa na mto upi, na udongo upi huteleza baada ya mvua ya saa moja. Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh, fundi na dereva mzaliwa wa Kericho, akiwa na nduguye Jaswant katika gari aina ya Volvo PV544 lililokwisha kutumika. Katika miaka ya 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akiendesha Peugeot 404. Ilikuwa hadi mwaka 1972 ndipo mgeni kutoka ng'ambo, Hannu Mikkola wa Finland, aliposhinda kwa mara ya kwanza, akiendesha Ford Escort.

Watu wa kando ya barabara hawakuwa na tiketi wala majukwaa. Walisimama kwenye kona na vivuko, wakajifunza majina ya magari na kuyahukumu. Gari lililostahimili Safari liliaminika, na lililokwama lilichekwa. Makampuni yalilijua hilo, ndiyo maana Peugeot na Datsun zilitangaza sana ushindi wao. Peugeot ndiyo iliyokuja kuwa teksi ya masafa marefu katika nchi zetu, ikibeba abiria wengi kuliko ilivyokusudiwa na kiwanda. Kwa njia hii mbio za matajiri wachache ziliingia katika mazungumzo ya gereji, stendi na soko, na mazungumzo hayo, kutoka Mombasa hadi Kampala, kwa sehemu kubwa yalikuwa ya Kiswahili. Fundi Mkikuyu, dereva Mganda na mwenye duka Mhindi walihitaji lugha moja ya kuulizana kuhusu kipuri, na lugha hiyo ilikuwapo.

Baada ya uhuru, waandaaji waliendelea kuzipitisha mbio katika nchi zote tatu, na kwa nyakati tofauti Kampala na Dar es Salaam nazo zilipata zamu ya kuwa mahali pa kuanzia. Huu ulikuwa wakati ambao nchi hizi zilikuwa na reli moja, posta moja na shirika moja la ndege. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Kampala mwaka 1967. Safari ilikuwa picha ya Jumuiya hiyo ambayo mtoto asiyesoma mikataba aliweza kuiona ikipita kwa kasi mbele ya nyumba yao.

Miaka ya 1972 na 1973

Hapa ndipo kisa kinapofika kwetu. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin, mwanajeshi ambaye asili yake ni Koboko, alitwaa madaraka nchini Uganda. Amin alikuwa amejiunga na jeshi la King's African Rifles mwaka 1946, na Kiswahili kilikuwa lugha yake ya kazi. Alipenda pia mbio za magari, na picha za miaka ya 1970 zinamwonyesha akishiriki yeye mwenyewe katika mbio nchini Uganda.

Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini katika muda wa siku 90. Miongoni mwa familia zilizopoteza makao ni ile ya Shekhar Mehta, kijana aliyezaliwa Uganda mwaka 1945. Mehta alihamia Kenya. Mwaka uliofuata, 1973, aliingia katika Safari akiendesha Datsun 240Z pamoja na mwelekezi wake Lofty Drews. Walipofika mwisho, ikaonekana kwamba Mehta na Harry Källström wa Sweden, ambaye naye aliendesha Datsun, wamelingana alama za adhabu. Kanuni ya kutenganisha waliolingana ilimpa ushindi Mehta, kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Mwaka huohuo ndio ulioanzishwa ubingwa wa dunia wa rali kwa makampuni ya magari, na Safari ilikuwamo. Hivyo mshindi wa kwanza wa Safari katika ubingwa wa dunia alikuwa mtu wa Uganda ambaye Uganda ilikwisha kumfukuza. Mehta alishinda tena mara nne mfululizo, tangu mwaka 1979 hadi 1982, akihesabiwa kuwa Mkenya, na mwaka 1981 akawa bingwa wa kwanza wa ubingwa wa rali wa Afrika. Alifariki London mwaka 2006.

Mwaka huohuo wa 1973, kwa amri ya Amin, Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa ya Uganda. Walimu wengi wa Kiswahili huitaja amri hiyo kwa fahari. Sisi tunaona ni vyema iwekwe pamoja na matukio mengine ya wakati ule. Serikali iliyotangaza lugha ya kuwaunganisha Waganda na majirani zao ndiyo iliyokuwa ikiwatoa watu nchini, ikigombana na Tanzania, na kufanya mpaka kuwa mahali pa kuogopwa. Lugha ilipewa cheo katika mwaka ambao barabara zilizoibeba zilikuwa zinafungwa.

Matokeo yake katika mbio yalionekana mara moja. Kufikia mwaka 1974 Safari ilikuwa ikikimbiwa ndani ya Kenya tu, na maneno East African yalikuwa yameondolewa katika jina lake. Ikaitwa Safari Rally. Mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ilivunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi mwaka 1983. Matokeo katika lugha yalichelewa kidogo, lakini yalikuwa mazito zaidi. Amin alipoondolewa Aprili 1979, Kiswahili kilibaki katika fikira za Waganda wengi kama lugha ya kambi na ya kizuizi cha barabarani. Amri ilikipa jina, lakini haikukipa vitabu, walimu wala mitihani. Katika darasa la kawaida la Uganda hakikuingia.

Barabara nyingine: West Nile na Kiswahili chake

Tukitoka katika barabara ya Safari na kuvuka Nile, tunakuta historia nyingine ya mwendo. West Nile iliunganishwa na Uganda mwaka 1914, baada ya kupita mikononi mwa Wabelgiji na utawala wa Sudan. Tangu hapo barabara yake kuu ilikuwa ya kuondoka. Vijana wa Kilugbara, Kialur, Kikakwa na Kimadi walikwenda kukata miwa katika mashamba ya Lugazi na Kakira, au walijiunga na jeshi. Jeshini walikuta Kiswahili. Wanubi, ambao wazee wao waliandikishwa na Lugard mwaka 1891 kutoka katika mabaki ya askari wa Emin Pasha, walikuwa nacho pamoja na Kinubi chao, na wakakieneza katika kila mji uliokuwa na kambi.

Hizi pia zilikuwa safari, ingawa hakuna aliyezipigia bendera. Mtu aliyetoka Ajia kwenda Kakira alisafiri siku nyingi, alilala njiani, alivuka mto kwa feri, na alipofika alihitaji lugha ya kuzungumza na mnyapara na mwenzake wa kutoka kwingine. Aliporudi, alirudi na shuka, sufuria na maneno. Baada ya mwaka 1979, mwendo uligeuka. Maelfu ya watu wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan wakihofia kulipiziwa kisasi kwa ajili ya Amin. Watoto waliokulia upande wa Kongo walirejea wakijua Kiswahili cha Kongo na Kilingala. Ndiyo maana mwalimu anayefundisha Arua hukuta darasani Kiswahili cha namna tatu: cha jeshi, cha Kongo, na cha vitabu.

Tunayataja haya kwa sababu wapo wanafunzi wetu wanaoona aibu kusema Kiswahili kwa kuwa kinahusishwa na Amin, na wapo wanaoona aibu kwa kuwa wao wenyewe wanatoka kwa Amin. Historia haitudai kumtetea, wala haitudai kujificha. Inatuonyesha kwamba Kiswahili kilifika West Nile kabla ya Amin, kwa miguu ya vibarua, askari na wafanyabiashara, na kilibaki baada yake kwa njia hizohizo. Asiye na haki ya kulimiliki neno safari si mtu wa Ajia.

Jina lililobaki

Safari iliendelea nchini Kenya. Ilikuwa katika ubingwa wa dunia hadi mwaka 2002, aliposhinda Colin McRae wa Scotland. Kisha iliondolewa, ikawa mashindano ya Afrika, na ikarudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, ikianzia Nairobi na kukimbiwa zaidi katika eneo la Naivasha. Mshindi wa mwaka huo alikuwa Sébastien Ogier wa Ufaransa. Mbio za sasa ni tofauti na za zamani. Sehemu za ushindani ni fupi na hufungwa kwa watumiaji wengine, na magari hukaguliwa na mafundi kwenye kituo kimoja. Kwa maana hiyo Safari imesogea karibu na langalanga kuliko Neil Vincent alivyotaka.

Uganda nayo ina mbio zake katika ubingwa wa Afrika, zinazojulikana kama Pearl of Africa. Mwaka 1999 Mganda Charles Muhangi alikuwa bingwa wa Afrika. Na jina East African limeendelea kuishi mahali pasipotarajiwa: tangu mwaka 2003 kumekuwa na East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani, ambayo katika baadhi ya miaka yamevuka kutoka Kenya hadi Tanzania. Yaani Afrika Mashariki katika mbio imebaki ni ya magari kuukuu.

Katika lugha mambo ni afadhali zaidi. Mkataba mpya wa Jumuiya ulitiwa saini mwaka 1999. Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya mwaka 2016, na Kongo mwaka 2022. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliagiza Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, ambayo ni yapata kilomita 92, iliwekwa lami katika miaka ya 2010. Koboko, iliyoonekana siku zote kuwa mwisho wa nchi, sasa iko mahali ambapo nchi tatu za Jumuiya zinakutana.

Hata hivyo, tujihadhari na furaha ya haraka. Amri ya mwaka 2022 inafanana na ile ya mwaka 1973 kwa jambo moja: imetangulia walimu. Tofauti ni kwamba safari hii barabara ziko wazi, na malori yanayotoka Mombasa hupita Arua kila siku yakielekea Sudan Kusini na Kongo. Jambo lililokosekana wakati ule lipo. Lililobaki ni kazi yetu.

Mapendekezo kwa mwalimu

Kwanza, historia ya Safari inaweza kutumika kufundishia uundaji wa maneno. Kutokana na shina moja mwanafunzi atapata safiri, safirisha, msafiri, usafiri na usafirishaji, na ataweza kulinganisha na msafara. Kutokana na langalanga na boda boda atajifunza jinsi jina la mahali linavyogeuka nomino ya kawaida.

Pili, mwanafunzi atumwe kwa wazee wa kwao, Ajia au penginepo, awaulize walikwenda wapi kwa kazi, kwa chombo gani, na walizungumza lugha gani njiani. Akirudi aandike kwa Kiswahili kile alichosimuliwa kwa Kilugbara au Kikakwa. Kazi hii hufundisha utungaji na huhifadhi historia ambayo haimo vitabuni.

Tatu, methali zijadiliwe badala ya kukaririwa. Msafiri kafiri na safari ni hatua ni methali ambazo wanafunzi huziandika katika insha bila kuzipima. Waulizwe: ni ipi inayomfaa dereva wa mwaka 1968 aliyekwama pamoja na wenzake 85? Ni ipi inayomfaa mkimbizi wa mwaka 1980? Darasa litachangamka.

Hitimisho

Katika makala hii tumeeleza kwamba mbio za Safari zilizaliwa kwa kukataa kuzunguka njia moja, zikakua kwa kuunganisha nchi tatu, na zikapungua nchi hizo zilipotengana. Tumeonyesha pia kwamba Kiswahili nchini Uganda kilitangazwa kwa sauti kubwa wakati uleule ambao njia zake zilikuwa zikikatwa, na kwamba watu wa West Nile walikihifadhi kwa mwendo wao wenyewe. Lugha, kama gari la mbio, haitosheki na kupigiwa bendera mwanzoni mwa njia. Inahitaji barabara inayopitika, fundi wa kuitengeneza inapoharibika, na mwelekezi anayeijua njia. Katika madarasa ya Arua na Koboko mwelekezi huyo ni mwalimu, na wanafunzi wake wamekwisha kuingia garini.